Agano hufungwa kwa damu ya nani?

Ndugu msikilizaji, mwezi Septemba mwaka 2009 Mahakama Kuu ilikaa mjini Kahama na kuwatia hatiani wanaume watatu kwa kosa la kumwua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino, mkazi wa Wilaya ya Bukombe. Walihukumiwa kunyongwa hadi kufa. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake tangu mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalipoanza kutangazwa kwa wingi mwaka 2007. Wakati ule Bukombe ilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga. Tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Kwa hiyo habari hii ni ya mikoa yote miwili, na wala hakuna unaoweza kumsukumia mwenzake.

Sasa, tangu mwaka 1994 hapa nchini hajanyongwa mtu. Maana yake ni kwamba aliyehukumiwa kufa huendelea kuishi nyuma ya ukuta, mwaka baada ya mwaka, akila ugali wa serikali. Na huko gerezani wahubiri huingia. Huja na Biblia, huja na kwaya, na neno wanalolileta ni lile lile linalohubiriwa uraiani: Mungu amefanya agano na wanadamu, wokovu ni bure, unapokewa kwa imani. Sisemi habari za wale watatu wa Kahama. Nasema habari za mfungwa yeyote wa namna hiyo ambaye siku moja anainua mkono na kusema, mimi nimeamini.

Nimeanza huko kwa sababu ya barua. Mama mmoja wa hapa Shinyanga mjini ameniandikia kurasa tatu za daftari, kwa mwandiko mzuri. Ana binti mwenye ualbino anayesoma darasa la tano. Anasema Jumapili moja mhubiri mgeni alifundisha kanisani kwao juu ya agano la Mungu na wokovu kwa njia ya imani. Akasema hakuna tendo jema linaloweza kuongeza kitu katika wokovu huo, na wala hakuna dhambi kubwa inayoweza kuuzuia. Akatoa mfano wa mwuaji aliyeokoka. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mama huyu hakupiga. Ananiuliza hivi: “Kaka mtangazaji, kama wokovu ni bure, basi na yule aliyekuja usiku na panga anaupata bure? Na mtoto wangu yeye analindwa na agano gani?”

Stashahada niliyo nayo mimi ni ya uandishi wa habari, theolojia sikusoma. Aidha, najua wanaonisikiliza si Wakristo peke yao, wamo Waislamu, na wamo wazee wetu wanaofuata mizimu ya kwao bila kumwomba mtu radhi. Lakini jambo linalohubiriwa kwa vipaza sauti kuanzia Ngokolo hadi Katoro limeshakuwa jambo la hadhara, na mwandishi wa habari anayo haki ya kuuliza maana yake. Leo basi nitaieleza imani hii kama Wakristo wenyewe wanavyoishika, kisha nitasema langu.

Tuanze na neno lenyewe. Agano ni mtoto wa kuagana. Sisi Waswahili tukiachana njiani tunasema tumeagana, na ndani ya neno hilo mna mambo mawili kwa pamoja: kutengana, na kuwekeana ahadi ya jambo litakalofanyika wakati hatuonani. Mkiwa mmekaa mkeka mmoja hakuna haja ya agano. Agano ni la watu ambao kesho mmoja hatamwona mwenzake, na itabidi alitegemee neno tu. Ndiyo sababu wanadamu tangu kale wameona neno peke yake ni jepesi, wakalitilia uzito. Na uzito waliouchagua mara nyingi ni damu.

Mfano hauko mbali. Mwezi Aprili mwaka 1876, mahali paitwapo Serombo katika nchi ya Wanyamwezi, Mtemi Mirambo alikutana na Henry Stanley, yule msafiri. Watu hawa walikuwa maadui. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1871, Stanley alikuwa amejiunga na Waarabu wa Unyanyembe kumpiga vita Mirambo, na vita hivyo havikuwaendea vema. Sasa walikutana ana kwa ana, wakapendana, wakaamua kuchanjiana. Manwa Sera, aliyekuwa mkuu wa wapagazi wa Stanley, ndiye aliyeifanya kazi hiyo: akamchanja kila mmoja mguuni, damu ya huyu ikapakwa kwa yule na ya yule kwa huyu. Kisha zikatamkwa laana juu ya yeyote atakayevunja undugu huo, laana za simba, za nyoka, hata ya bunduki kumpasukia mtu mikononi mwake.

Naomba uangalie jambo moja katika habari hiyo, maana ndilo nitakalolifuata mpaka mwisho. Damu iliyomwagika Serombo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya wahusika wenyewe. Mirambo alitoa yake, Stanley akatoa yake. Hakuna aliyekwenda kumkamata mtoto wa jirani na kumchanja kwa niaba yake. Wazee wetu tunawaita washenzi kwa urahisi mno, lakini katika jambo hili walikuwa na adabu: anayetaka undugu ndiye anayeumia.

Nenda sasa kwenye machimbo. Nimetembelea Lwamgasa, Nyarugusu na Mgusu kwa nyakati mbalimbali nikiwa na kinasa sauti begani. Yeyote aliyeketi jioni na wachimbaji wadogo anajua kwamba hakuna kazi duniani inayomfanya mtu aombe bahati kama ile. Vijana wanashuka kwenye duara kwa kamba, wanakaa chini saa nyingi, wanapandisha mawe mfuko kwa mfuko. Mawe yanakwenda kwenye karasha, kutoka hapo mwaloni, yanaoshwa, inatiwa zebaki. Baada ya yote hayo pengine inapatikana punje, pengine haipatikani kitu. Mita chache kutoka hapo duara la jirani limetema, na mwenyewe ameshanunua gari. Mwamba ni ule ule, jasho ni lile lile. Kwa nini yeye? Elimu ya miamba huyu kijana hana, na mtaalamu wa kumweleza hayupo. Aliyepo ni mganga, na mganga ana jibu.

Jibu hilo kule kwetu linaitwa ndagu. Ni dawa ya utajiri yenye masharti. Mara nyingine masharti huwa ya kuchekesha, kama vile usioge siku kadhaa, au uvae nguo moja mpaka duara liteme. Mara nyingine ni kuku mweusi, au mbuzi. Lakini ikiwa kuku ameliwa na dhahabu haikuonekana, dawa huongezwa nguvu, na kila nguvu inapoongezwa damu inayotakiwa huwa ya kiumbe mkubwa zaidi. Watafiti watatu, Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington, walichapisha mwaka 2010 makala yao ya kitaalamu iliyoonyesha jinsi hofu na bahati nasibu ya uchimbaji mdogo, biashara ya waganga, na mauaji ya watu wenye ualbino vilivyofungamana katika eneo hili. Serikali nayo ilikuwa imeliona hilo. Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi nchini. Mauaji hayakukoma. Februari 2015 mtoto wa kiume wa mwaka mmoja tu aliporwa mikononi mwa mama yake mkoani Geita, akakutwa amekufa, amekatwa viungo.

Uliza sasa lile swali la Serombo. Katika agano la ndagu, damu ni ya nani? Mwenye duara anataka mali, mganga anataka fedha, wanapatana. Anayetoa damu hakuwapo kikaoni. Hakuulizwa, hakuahidiwa kitu, na kijijini kwake huenda analala usingizi wakati bei ya mkono wake inatajwa. Hili ndilo linalonifanya nikatae kuliita agano. Ni wizi wenye kiapo.

Baada ya hayo tufungue Biblia, kitabu cha Mwanzo, sura ya 15. Mungu amemwahidi Ibrahimu uzao na nchi. Ibrahimu, mzee asiye na mtoto, anauliza atajuaje. Anaambiwa alete ndama, mbuzi, kondoo dume, hua na kinda la njiwa. Anawapasua wale wanyama vipande viwili viwili na kuvipanga vikielekeana. Huo ulikuwa utaratibu wa mapatano wa nchi zile. Nabii Yeremia anautaja tena katika sura yake ya 34: waliofanya agano walipita katikati ya vipande, kana kwamba wanasema, nikilivunja neno hili na mimi nipasuliwe hivi. Kwa desturi ungetazamia pande zote mbili zipite, kama Mirambo na Stanley walivyochanjwa wote wawili.

Lakini haikuwa hivyo. Jua lilipokuwa likichwa usingizi mzito ulimshika Ibrahimu, na giza lilipoingia kikaonekana kitu kama tanuru itokayo moshi na mwenge wa moto, kikapita katikati ya vile vipande. Ibrahimu hakupita. Alikuwa amelala! Msimuliaji anataka tuelewe kwamba aliyepita ni Mungu peke yake, na laana ya kuvunja agano ameibeba yeye peke yake. Mimi nimesoma mikataba mingi katika kazi yangu, ya pamba, ya madini, hata ya mishahara ya waandishi, na sijapata kuona mkataba ambao mwenye nguvu ndiye anayetia sahihi peke yake na mnyonge anaachwa alale.

Hapo ndipo Wakristo wanapoliona agano jipya likianzia. Usiku ule wa mwisho Yesu alitwaa kikombe mbele ya wanafunzi wake akasema ni agano jipya katika damu yake. Damu yake yeye. Kesho yake akauawa nje ya mji. Kwa mafundisho ya Kanisa, yule aliyepita katikati ya vipande ndiye aliyekubali mwenyewe kupasuliwa, tena kwa ajili ya upande uliovunja. Naam, mtu anaweza kuikubali imani hiyo au kuikataa. Lakini mtu akisema ni sawasawa na kafara za waganga kwa kuwa kote mna damu, huyo hajasikiliza. Tofauti iko palepale kwenye swali letu: mganga anatafuta damu ya mwingine ili wewe upate, na Kristo anatoa yake ili mwingine apate.

Na imani? Mtume Paulo aliandika kwa Wagalatia kwamba sheria ilikuja miaka 430 baada ya ahadi, kwa hiyo haiwezi kuitangua ahadi. Na kwa Warumi akaeleza kwamba Ibrahimu alihesabiwa haki kwa kuamini kabla hajatahiriwa, ili mtu asije akadhani tohara ndiyo iliyokuwa malipo. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Imani, kuamini, uaminifu na amana ni ukoo mmoja. Kuamini ni kuliweka neno la mtu moyoni kama amana na kuishi kwa kulitegemea. Si sarafu. Hapo ndipo ninapogombana na baadhi ya ndugu zetu wahubiri.

Kwa sababu nimeyaona Katoro, kwenye mkutano wa hadhara, saa kumi na mbili jioni vijana wanaporudi kutoka machimboni. Mhubiri alisema vizuri sana juu ya Ibrahimu na agano lake. Baada ya nusu saa zikaja bahasha. Ya kwanza ilikuwa ya shukrani, hiyo sina neno nayo. Ya pili ikawa ya kupanda mbegu. Ya tatu, na hii nilirekodi, ilikuwa ya kufungua duara lililofungwa na adui. Kiwango kikatajwa. Kijana mmoja pembeni yangu, mwenye vumbi la mawe hadi kwenye kope, alitoa noti zote alizokuwa nazo mfukoni, akabakiza moja, akaitazama, akaitoa na hiyo. Akauliziwa jina la duara lake ili liombewe. Nikajiuliza, huyu tofauti yake na aliyekwenda kwa mganga asubuhi ni ipi? Masharti yapo. Bei ipo. Na duara lisipotema, jibu ni lile lile, kwamba imani yako ni ndogo, ongeza dawa.

Biblia yenyewe ina mtu wa namna hiyo. Nabii Elisha alimponya Naamani, mkuu wa jeshi la Shamu, ukoma wake, akakataa kupokea hata shilingi. Mtumishi wake Gehazi akaona hiyo ni hasara. Akamkimbilia mgeni njiani kwa uongo, akapewa fedha na mavazi, akavificha nyumbani. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Wachungaji wengi wa mikoa hii wanaishi kimaskini na wanahubiri bila kutoza mtu, na hao nawavulia kofia. Lakini akina Gehazi wanaongezeka, na hatari yao si kuwachukulia watu fedha peke yake. Wanamfundisha kijana wa machimbo kwamba Mungu naye ni mganga, ila anakaa kwenye hema kubwa zaidi. Akishafundishwa kwamba baraka hununuliwa, anabaki kuuliza tu ni kwa bei gani, na kuna siku atatajiwa bei ambayo haimo katika bahasha.

Nimjibu sasa mama. Swali lake la kwanza: je, aliyeua naye anaupata wokovu bure? Kwa imani ya Kikristo jibu ni ndiyo, akitubu na kuamini. Sitalipunguza ili nimfurahishe. Paulo mwenyewe, aliyeandika habari hizo za imani, aliafiki kuuawa kwa Stefano. Mwizi aliyesulubiwa karibu na Yesu hakuwa na muda wa kutenda jema lolote. Ukiondoa watu hao, agano lote linageuka kuwa mkataba wa watu wazuri, na hao ni wachache kuliko tunavyodhani.

Hata hivyo, mhubiri yule mgeni alimeza nusu ya maneno. Kabla ya Ibrahimu kuna Nuhu. Baada ya gharika Mungu alifanya agano na Nuhu, na uzao wake, na kila kiumbe chenye uhai, na katika maneno hayo hayo alisema ataitaka damu ya mwanadamu mkononi mwa yeyote aliyeimwaga, kwa kuwa mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Habili naye, damu yake ililia kutoka ardhini. Kwa hiyo katika Biblia msamaha hauingii kwa kuruka juu ya aliyeuawa. Mungu anayesamehe ndiye huyo huyo anayeidai damu. Mtu akisema nimeokoka, mambo yamekwisha, polisi wasiniulize, huyo ametoka kwenye agano la Nuhu na anajidai kuingia kwenye la Ibrahimu kwa dirishani. Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi, siku wokovu ulipofika nyumbani kwake alisimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyedhulumiwa atarudishiwa mara nne. Hakuyasema hayo ili aokolewe. Aliyasema kwa sababu alikuwa ameshatembelewa.

Najua hapa Wakatoliki na Waprotestanti wamesumbuana kwa karne nyingi. Mmoja anashika waraka wa Paulo, mwingine anaonyesha waraka wa Yakobo usemao imani pasipo matendo imekufa. Ugomvi huo uliletwa mpaka huku kwetu na wamisionari, na wazee wetu wakarithishwa kesi ambayo hawakuwapo ilipofunguliwa. Wengi hawana habari kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia sahihi tamko la pamoja. Walikubaliana kwamba mwanadamu hupokewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo na wala si kwa stahili yoyote aliyo nayo, na kwamba mtu huyo hufanywa upya na kuitwa atende mema. Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Kwa hiyo mtu wa Jimbo la Geita na mtu wa usharika wa Kilutheri wa hapa Shinyanga, wakikaa kwenye basi moja la kwenda Kahama, hawana sababu tena ya kutunishiana misuli juu ya jambo hili. Wanayo sababu ya kuulizana juu ya matendo.

Na hapo ndipo lilipo swali la pili la mama, ambalo kwangu ni gumu kuliko la kwanza. Mtoto wake analindwa na agano gani? Linalomhusu kwanza ni lile la Nuhu, ambalo halikumwuliza mtu rangi wala dini. Lakini agano hilo likibaki limeandikwa katika kitabu bila watu, panga halisomi. Katika kesi nyingi zilizofika vyombo vya dola ilionekana kwamba wauaji walipata habari kutoka kwa mtu wa karibu: jirani, mkwe, wakati mwingine hata ndugu wa damu. Yaani mtu aliyejua mtoto analala chumba gani. Hapa Shinyanga tuna shule ya Buhangija, iliyopokea watoto wengi wenye ualbino waliokimbizwa kutoka vijijini kwao kwa ajili ya usalama. Ni jambo la kushukuru, na pia ni jambo la aibu kuu, kwa kuwa vijiji walivyotoka watoto hao vina makanisa, na katika makanisa hayo kikombe cha agano hupitishwa.

Kuhusu kikombe hicho Paulo aliwakaripia Wakorintho vikali. Walikuwa wakikusanyika kwa meza ya Bwana huku wenye chakula wakishiba mbele ya wasio na kitu, na yeye akawaambia anywaye hivyo anakunywa hukumu yake. Kosa lao lilikuwa kumwaibisha mwenye njaa. Sijui angeandika nini kama angesikia kwamba katika benchi moja ameketi mama wa mtoto na mtu anayemwuza mtoto huyo.

Kule Efeso, wakati wa Paulo huyo huyo, walioamini waliotoka katika uganga walileta vitabu vyao vya uchawi wakavichoma hadharani, na thamani yake ikahesabiwa, vipande 50,000 vya fedha. Huku machimboni nako makanisa kadhaa huwataka wanaobatizwa walete hirizi zao zichomwe. Nilizungumza na mzee wa kanisa mmoja huko Lwamgasa anayesimamia kazi hiyo. Akaniambia zamani walikuwa wanazipokea na kuzitupa motoni bila maneno. Baada ya mwaka 2008 walibadili. Sasa mwenye hirizi anaulizwa kwanza mbele ya wazee watatu: umeipata kwa nani, umelipa nini, na ndani mna nini. Wengi wanajibu papo hapo, kwa kuwa ndani mna mizizi na kipande cha gazeti. Lakini mwaka ule wa kwanza, alisema, walikuwapo vijana wawili ambao waliposikia swali la tatu waliinuka wakatoka nje.

Nilimwuliza kama waliwahi kurudi. Akasema mmoja alirudi baada ya miezi minne, akabatizwa. Hirizi hakuwa nayo tena. Alikuwa ameipeleka kituo cha polisi, pamoja na jina la mganga.